Siku Kumi na Saba

Nyumbani,
8 Februari

Binti yangu,

Nakusalimu mimi kwanza, maana barua haiwezi kusubiri uiamkie. Mimi mzima. Goti la kushoto bado linataka kubembelezwa kila nikiinuka, lakini tumeshazoeana, kama watu wawili waliopanga chumba kimoja.

Habari kubwa ya mtaa ni kwamba bomba limekauka tena, wiki ya tatu sasa, na watu wote wamehamia kwangu. Wanaanza kufika jua halijatoka vizuri. "Baba Kisima, umeamkaje?" "Baba Kisima, goti je?" Jana nilikaa kwenye kigoda pale mlangoni nikazihesabu salamu. Kufika saa tatu zilikuwa arobaini na moja. Niambie ni mgane gani mwingine anayesalimiwa mara arobaini na moja kabla ya chai.

Nacheka, lakini nakwambia kweli. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ikifika mchana inabaki na sauti moja tu, ya saa ya ukutani, na hiyo nayo siku nyingine nasahau kuijaza ufunguo. Lakini asubuhi uani kwangu ni kama mnadani. Miaka ishirini na mitano iliyopita, nilipokuwa naingia shimoni na sururu, mafundi wenzangu walisema nimepungukiwa na akili, fundi mwashi mzima anachimba ardhi kama fuko. Waje sasa waone.

Chiriku, yule mtoto wa mshonaji jirani yetu, haachi kuja. Ametimiza miaka sita na anaongea kuliko redio. Juzi kaniuliza, "Babu, kisima kinalala?" Nikamwambia hakilali. Akainama akakipigia kelele: "Pole!"

Siku hiyo hiyo Bwana Afya alikuja na sanduku lake, akateka maji kwenye chupa ndogo, akaandika jina langu kwenye fomu. Anasema watoto kadhaa wa mtaa wana homa isiyoeleweka, anataka kujua inakotoka. Nikamwambia akaangalie yale matunda yanayouzwa nje ya shule, nzi wanayagombania. Chupa inakuja huko huko maabara kwenu. Ukiiona, iambie shikamoo.

Mimi baba yako.

—

Maabara ya Maji,
15 Februari

Shikamoo baba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kusikia u mzima.

Huku kazi ni nyingi, chupa zinafika kutoka kila upande na sisi tuko wawili tu, mimi na mkuu wangu, na yeye muda mwingi yuko mikutanoni. Kwa hiyo samahani kwa barua fupi.

Nina ombi moja. Ofisi inawashauri watu wote siku hizi wachemshe maji ya kunywa, popote wanapoyateka. Na wewe chemsha, baba. Ni ushauri wa jumla tu. Ukiweza, waambie na wanaokuja kuteka.

Halafu nikumbushe, kutoka kisimani hadi kile choo cha nyuma ya jiko ni hatua ngapi? Kuna fomu tunajaza.

Goti ulifunge kitambaa cha joto.

Mwanao.

—

Nyumbani,
22 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kuangalia kama kuna maneno yamejificha nyuma.

Kuchemsha nilijaribu siku moja. Maji yakatoka na ladha ya sufuria, nikamwaga. Mwanangu, maji haya umeyanywa tangu unatambaa, ukapata meno, ukapata na cheti. Nikianza kuwaambia watu "chemsheni" watasema Baba Kisima anakisingizia kisima chake mwenyewe. Hao wa ofisini wawape ushauri wanaoteka mtoni.

Choo unachouliza ni hatua kumi na mbili. Unajua kwa nini. Mama yako miguu ilipoanza kuvimba, kile cha kule mwisho wa kiwanja kilikuwa safari kwake, na hakutaka kushikwa mkono na mtu mbele ya watu. Nilichimba hiki karibu, nikamwekea na bomba la chuma ukutani la kujishikia. Alikwenda mwenyewe mpaka wiki ya mwisho. Katika vyote nilivyojenga maishani, hicho ndicho alichonishukuru kwa machozi. Iandike fomu yako hivyo.

Chiriku anaumwa. Leo siku ya tano. Walimpeleka zahanati wakampa dawa za malaria, lakini joto halishuki, na kubwa zaidi, hasemi. Kimya cha mtoto yule kinatisha kuliko homa. Mama yake ana nguo za watu cherehani na hawezi kutoka, kwa hiyo kila jioni mimi ndiye ninayempelekea maji, nayateka mwenyewe, ya baridi kabisa. Anakunywa kidogo kidogo nimemshikilia kichwa. Jana kanifinya kidole.

Usiwe unakaa kimya sana huko. Andika.

Mimi baba yako.

—

Maabara,
28 Februari

Baba,

Barua yako imefika leo mchana na ninaandika bila kuvua koti la kazi. Nitampa dereva wa basi barua hii aifikishe posta ya huko, labda itawahi kuliko kawaida.

Usimpe Chiriku maji hayo tena. Usimpe mtu yeyote, na wewe usiyanywe. Ondoa kamba na ndoo ya kisimani uvifungie ndani leo hii. Majibu yametoka na kisima kina uchafu wa choo. Si kidogo. Bwana Afya atakuja na karatasi.

Mwambie mama Chiriku asirudi zahanati. Amchukue mtoto ampeleke hospitali kubwa, awaambie madaktari kwamba mtaani kuna homa ya matumbo na mtoto amekunywa maji ya kisima kilichochafuka. Aseme hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Ina dawa yake, baba, na dawa hiyo si ya malaria. Nakuomba, ukimaliza kusoma usikae, nenda.

Mengine nitakuandikia.

Mwanao.

—

Nyumbani,
9 Machi

Binti,

Barua yako ilifika tarehe sita. Niliikuta mlangoni tuliporudi kumzika Chiriku. Alifariki tarehe tano, saa nne asubuhi, njiani kwenda hospitali. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni kwa sababu alisema mtoto amekuwa mwepesi.

Bwana Afya alikuja kesho yake na mnyororo, kufuli na karatasi. Karatasi ameibandika kwenye mfuniko wa kisima, akaipigia misumari minne. Alikuwa anaona haya hata kunitazama. Nilimsaidia kushika nyundo.

Alipoondoka nikavaa miwani nikaisoma. Sahihi iliyo chini yake naijua. Ule mkia wa herufi ya mwisho unaopanda juu kama ndoana nilikufundisha mimi, kwenye meza ya jikoni, kwa penseli ya useremala. Kwa hiyo kumbe ni wewe. Hilo sikulaumu, ndiyo kazi yako, na kama kisima ni kibovu ni kibovu.

Lakini karatasi ina tarehe tatu. Sampuli imepokelewa tarehe 7 Februari. Vipimo vimekamilika tarehe 11. Ripoti imetiwa sahihi tarehe 28.

Nimehesabu kwa vidole, halafu nimehesabu kwa kalenda. Ni siku kumi na saba. Katikati ya siku hizo uliniandikia ukaniambia ni ushauri wa jumla tu.

Swali langu ni moja. Ulikuwa unafanya nini?

Baba yako.

—

Maabara,
16 Machi

Shikamoo baba,

Nitakujibu, na sitajipamba.

Tarehe 11 asubuhi nilifungua kabati la joto. Kila maji yanayofika tunayagawa kwenye mirija kumi na mitano, na ndani ya kila mrija kuna kimrija kidogo kimegeuzwa. Maji yakiwa na vijidudu vya choo, kile kidogo kinajaa hewa, kinapanda juu. Maji mazuri, vyote vimelala chini. Nilipotoa mirija ya sampuli namba kumi na nne, vimrija vyote kumi na vitano vilikuwa vimepanda. Nikafungua daftari kuona namba kumi na nne ni ya nani, nikakuta jina lako.

Nilijiambia nimekosea. Mrija haukuoshwa vizuri, au Bwana Afya alishika mdomo wa chupa. Maji yaliyobaki kwenye chupa nikayapima upya, na najua kabisa kwamba maji ya siku nne hayapimwi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Yakatoka vilevile. Nikayapima mara ya tatu. Baada ya hapo sikuwa na kisingizio, nikaiweka ripoti kwenye droo chini ya karatasi za likizo, nikawa naifungua na kuifunga. Kila nikishika kalamu nakuona umekaa kwenye kigoda asubuhi na hakuna mtu anayeingia. Ulihesabu salamu, baba. Ulinitajia idadi. Nani angeweza kuandika karatasi ya kukunyang'anya salamu arobaini na moja?

Nikafikiri nikikwambia uchemshe nitakuwa nimefanya vyote viwili, nimewalinda watu na nimekuachia kisima. Nilikuwa mjanja. Ujanja huo ndio uliokufikia kwenye ile barua fupi.

Mtu akinywa vijidudu hivi anaweza kukaa wiki moja, mbili, hata tatu kabla ya kuugua. Chiriku aliugua tarehe 18. Naweza kujiambia kwamba tarehe 11 alikuwa ameshameza, na kwamba hata ningetia sahihi saa ile ile ingekuwa vilevile. Naweza pia kujiambia kwamba ningetia sahihi, zahanati ingepewa taarifa, wasingempa dawa za malaria. Usiku na mchana najiambia moja halafu nyingine. Maabara ina vifaa vya kupima mambo mengi lakini hilo hakuna cha kulipima.

Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza kila kitu, nikamwekea funguo zangu mezani. Akanisikiliza huku anatafuta kalamu. Akasema, "Siku kumi na saba? Kuna ripoti hapa zimekaa miezi mitatu." Akanirudishia funguo, akaniambia nikapumzike. Nilitaka mtu anifokee. Nimerudi chumbani kwangu, nimekaa kitandani na viatu miguuni mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kama kuna mtu.

Kama unataka nije, nitakuja. Kama hutaki kuniona, nitaelewa. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao.

—

Maabara,
20 Aprili

Shikamoo baba,

Hii ni ya tano tangu barua yako ya mwisho. Tatu za katikati sikuzituma.

Kila Jumamosi nakwenda posta. Karani ameshanijua, ananitikisia kichwa nikiwa bado barabarani ili nisipange foleni bure. Amefanya kwa wema, lakini nilikuwa naipenda ile foleni. Dakika kumi za kudhani labda.

Unakula? Goti je? Maji unateka wapi?

Mwanao.

—

Nyumbani,
11 Mei

Binti yangu,

Barua zako ninazo zote, ziko chini ya redio. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki na aibu, na mtu mwenye aibu mkono wake mzito. Sasa nimeweza. Kaa chini, ni ndefu.

Baada ya mnyororo, asubuhi ya kwanza niliamka nikavaa shati, nikakaa kwenye kigoda. Mazoea. Hakuja mtu. Nikakaa mpaka jua likanifikia usoni, nikaingia ndani. Serikali imeanza kuleta boza la maji kule sokoni, mara mbili kwa wiki, na watu wanapita nje ya ukuta wangu na ndoo zao. Nawasikia wanaongea, wakifika usawa wa mlango wananyamaza, wakipita wanaendelea. Hakuna aliyenitukana. Lile jina la Baba Kisima limekwisha, na hawajanipa jingine.

Nimekifukia choo. Nilifanya peke yangu, siku sita, koleo kwa koleo. Lile bomba la chuma alilokuwa anajishikia mama yako nimeling'oa mwisho kabisa. Mwanangu, mimi ni fundi. Maisha yangu yote nimepima kwa kamba na kwa timazi, najua maji yanatembea ardhini, najua. Siku ile nilipima hatua za mgonjwa tu, sikupima nyingine. Halafu kwa mikono yangu nikamnywesha mtoto yule. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba hatia ni yako, usiibebe yote, utakuwa unanidhulumu.

Sasa nikwambie lililonishinda kuandika. Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda kwa mshonaji. Alikuwa ameinamia cherehani, anashona sare za shule, magauni madogo ya bluu yamejaa kitandani. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikasimama. Nikamwambia kuhusu choo, kwamba nilikichimba karibu. Akasema, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Akaendelea kushona mpaka uzi ukamkatikia, akasema bila kuinua uso, "Kuna mtu alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angekuja kunisuta. Ile karatasi ya kisimani mvua ilikuwa imeshaisafisha, haisomeki tena tarehe wala sahihi. Lakini yeye alikuwa anasubiri, na mkono wake ulikuwa bado umeshika lile gurudumu la cherehani. Nikamwambia, "Binti yangu alijua. Alijua siku kumi na saba. Alikuwa ananionea huruma mimi."

Akainuka akanishika bega, polepole tu, akanigeuza kama anavyomgeuza mteja kupima mgongo, akanitoa nje, akafunga mlango. Nilisimama pale. Cherehani haikulia tena siku ile.

Kwa hiyo nimekutaja, mwanangu. Unajua sasa kwa nini nilinyamaza.

Mwezi uliopita Bwana Afya alirudi na chupa za dawa ya maji. Kizibo kimoja kwa ndoo moja, unakoroga, unasubiri nusu saa. Maji ya boza nayo hayaaminiki yakishalala kwenye madumu. Alikuwa ameitisha mkutano watu wakaja sita, watatu wakasinzia. Akasema anahitaji mtu wa kupita nyumba hadi nyumba kila asubuhi, asiyekuwa na haraka. Nikamwambia haraka sina, nina goti. Akaniangalia. Akasema, "Mzee, watakufungulia?" Nikamwambia sijui.

Siku ya kwanza nyumba ishirini na tatu, zilifunguka tano. Kinyozi alifungua akachukua kizibo chake bila kusema, ila alifungua. Sasa zinafunguka kumi na tisa. Bwana Afya anasema mwezi huu homa mpya ni mbili tu kwenye mtaa mzima, na zote ni za nyumba zilizofungwa. Anafurahi sana, ananipigia hesabu kwenye daftari. Mimi nafurahi pia, mpaka nifike nyumbani. Salamu za mlangoni ni fupi. Mtu anataka dawa yake aendelee na mambo yake, na chai nakunywa peke yangu kama zamani.

Kwa mshonaji nilikuwa nabisha kila siku. Siku thelathini sikujibiwa. Nilikuwa nagonga mara mbili, nasema, "Ni dawa ya maji," nasubiri kidogo, naondoka. Juzi Ijumaa nilikuta ndoo imewekwa nje ya mlango, imejaa, imefunikwa na kitambaa cha bluu. Nikapima kizibo, nikakoroga, nikafunika. Nilipokuwa najiinua nikamsikia yuko nyuma ya mlango, karibu kabisa.

Akasema, "Yule binti yako bado anapima maji ya watu?"

Nikasema, "Bado."

Nikadhani yamekwisha, nikaokota chupa zangu. Akasema tena, "Maji ya mtu yakifika kwake leo, yatakaa siku ngapi?"

Nimesema nitakuuliza. Nijibu, nikamwambie.

Mimi baba yako.

—

Maabara,
18 Mei

Shikamoo baba,

Ulifanya sawa kunitaja. Nimeisoma sehemu ile nimesimama pale pale posta, na karani akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata barua.

Jibu ni siku nne, ambazo vipimo vyenyewe vinazihitaji, na baada ya hapo ripoti haikai hata jioni moja. Ikiiva asubuhi, nasaini asubuhi, naipeleka mwenyewe kwa miguu hadi ofisi ya afya, nasubiri waigonge muhuri mbele yangu. Wameshanichoka. Tangu Machi zimepita sampuli mia moja na sita. Tatu kati yake niliwajua wenyewe, mmoja ni mwenye nyumba wangu. Zote ni siku nne.

Lakini usimpelekee jibu hilo. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usije stendi, pumzisha goti. Sitaanzia nyumbani. Nitakwenda moja kwa moja kwa mama Chiriku, nitabisha mara mbili kama unavyobisha wewe, na nitamwambia mwenyewe, mlango ukiwa wazi au umefungwa.

Mwanao.